Jibu Lililotangulia Swali

Kwa Mzee Enoka hunywi chai hujajibu swali. Uwe mchungaji, uwe balozi wa nyumba kumi, uwe mgeni wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya Zambia, na vumbi la mpakani bado liko miguuni, ukishapewa kikombe mkononi lazima uulizwe kitu. Mji mkuu wa Australia. Sayari yenye joto kuliko zote. Ukipata, unaongezewa chapati. Ukikosa, unachekwa kidogo, halafu chapati unaongezewa vilevile. Mzee alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, na watu wa Mpemba, hapo jirani na Tunduma, walishamzoea. Wapo waliokuwa wanajisomea kabisa kabla ya kwenda kumjulia hali.

Ila Jumamosi hiyo waliokaa sebuleni kwake hawakuja kumjulia hali. Walikuja kumposa Felista.

Na Felista mwenyewe alikuwa jikoni, mwiko mkononi, anaitazama chai inavyopanda kwenye sufuria mpaka ikafurika na kuzima nusu ya mkaa.

"We Felista!" mama yake, Roda, aliruka kuivuta sufuria. "Chai inamwagika, unaiangalia tu?"

"Samahani, mama."

"Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni. Mimi mwenzio siku ya kuposwa nilikula mpaka shangazi zangu wakanificha sahani."

"Sina njaa."

"Furaha hiyo, mwanangu. Ikizidi inaziba tumbo."

Ingekuwa furaha, jamani! Felista aliinama kupanga vikombe ili mama asimwone macho.

Kisa kilianzia kwa baba. Tangu alipomsikia huyo Luhende, Msukuma wa Mbangala, mtoto wa wafugaji, aliyeishia darasa la saba na sasa anauza ng'ombe mnadani, Mzee Enoka alikuwa haeleweki. "Sina neno na kabila lake, mwanangu, wala ng'ombe wake," alikuwa anasema. "Ninachojiuliza ni kimoja tu. Jioni mkishakula, ninyi wawili mtaongea nini?" Halafu siku ya Matawi, watu wote wakiwa mezani, akatoa neno lake: "Jumatatu ya Pasaka vijana wana chemsha bongo kanisani. Akimshinda Gasper, alete washenga. Akishindwa, tusisumbuane."

Gasper alikuwa mpwa wa mzee, anasoma chuo, anakaa hapo hapo nyumbani, na kwa maswali ya maarifa hakuna aliyewahi kumgusa. Kila aliyekuwepo mezani alijua kwamba mzee amekataa kwa adabu.

Felista hakukubali. Yeye ndiye alikuwa katibu wa vijana, na mtunga maswali alikuwa yeye.

Basi kila jioni akawa anampigia Luhende simu. "Tujipime, mpenzi. Kila ukipata, nakuita jina jipya." Luhende alikuwa anacheka kule aliko kwa sauti yake nzito. "Uliza, mama. Leo nataka majina mengi." Mnyama gani ana mioyo mitatu? Pweza. Chakula gani hakiozi? Asali. Akikosa, Felista anamwambia jibu, na kesho yake anamuuliza tena kana kwamba amesahau. Luhende hakujua kwamba maswali yale anayochekea ndiyo yatakayosomwa kanisani, wala kwamba mtungaji ni Felista.

Pasaka ilipofika alimshinda Gasper mpaka watu wakamwonea huruma. Kwaya ilipiga vigelegele. Mzee Enoka alisimama mwenyewe, akamshika Luhende mkono kwa mikono yake yote miwili. Felista alipiga makofi na wenzake, na tangu saa ile akawa anakula kwa kujilazimisha. Kilichomuumiza zaidi ni Gasper. Kijana wa watu aliacha kabisa kuwauliza watu maswali. Siku moja wakifua, alimwambia kwa utani ambao haukuwa utani: "Dada, nilidhani angalau kitu kimoja nakijua."

Angemwambia nini?

"Peleka chai," mama alisema. "Na utabasamu. Unaolewa, huendi mahakamani."

Sebuleni palikuwa pamechangamka. Kwenye kochi kubwa alikaa Mzee Bugalama, baba mdogo wa Luhende, mrefu, fimbo yake ameilaza magotini. Pembeni yake Makene, rafiki wa Luhende na mshenga wake, ameshika posa iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe kana kwamba ameshika mtoto mchanga. Shangazi Loisi alikuwa amevuka mpaka tangu asubuhi kutoka Nakonde ili asikose kitu. Gasper alikaa kwenye stuli karibu na mlango. Na Luhende, ambaye kwa desturi angebaki nyumbani siku kama hii, alikuwepo kwa sababu Mzee Enoka alisisitiza: "Mleteni na mwenyewe! Nataka ndugu zangu wamwone."

Felista alipiga magoti, akawasalimia wakubwa mmoja mmoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti," alijibu Mzee Bugalama. "Tumekusikia sana. Huko kwetu jina lako halilali."

"Mwapoleni, mukwai!" Shangazi Loisi alidakia kwa salamu ya Kibemba. "Basi msemeni vizuri, mtoto wetu huyu!"

Felista aliinua macho mara moja tu, akakutana na ya Luhende. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Alimtazama kama mtu aliyefika mwisho wa safari ndefu, bila haraka, bila wasiwasi hata chembe. Felista aliteremsha macho kwenye birika. Angeonyesha wasiwasi kidogo tu, ingemsaidia.

"Sasa mzee mwenzangu," Mzee Enoka alianza, akijipangusa masharubu, "kabla hatujaingia kwenye maneno mazito, lazima uone mkwe wangu anavyofanya kazi. Pasaka hapa aliwaonyesha. Swali halijafika katikati, yeye kashapiga meza! Felista, acha birika. Tupe maswali kidogo, wageni wachangamke."

"Baba, si leo..."

"Leo ndiyo siku yake! Luhende, uko tayari?"

"Niko tayari, mzee," Luhende alisema, akacheka. Alimgeukia Felista na kuweka kiganja chake juu ya meza, kama alivyofanya siku ile kanisani.

Felista alisimama. Njia nzima kutoka jikoni alikuwa amejiapiza: wakinilazimisha, nitauliza jipya, liwalo na liwe. Jipya alikuwa nalo. Lakini alipomwona Mzee Bugalama amenyanyua kidevu kumsikiliza kijana wao, na Makene amesogea mbele kwenye kiti, akabadili nia. Akikosa hapa, mbele ya baba yake mdogo? Kwenye yale maswali ya jioni kulikuwa na mengine ambayo hayakusomwa kanisani. Ulimi ukakimbilia huko.

"Nchi gani barani Afrika..."

Paa! Luhende alipiga meza. "Lesotho!"

Shangazi Loisi alipiga kigelegele. Makene aliruka. "Mmeona?" Mzee Enoka alikuwa amesimama. "Mmeona nilichowaambia?"

"Lakini kaka Luhende," Gasper alisema kutoka mlangoni, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote, alikuwa anataka tu kujua, "dada hajauliza bado. Nchi gani barani Afrika inafanya nini?"

"Inayo..." Luhende bado alikuwa anatabasamu. "Inayozungukwa na nchi moja pande zote."

"Sawa. Umejuaje kwamba ndilo hilo? Nchi za Afrika ziko nyingi sana."

Luhende alimtazama Gasper, akamtazama Felista. Felista alikuwa anaangalia zulia. Hapo tabasamu likaanza kuondoka, kwanza machoni, halafu mdomoni, na mkono uliokuwa mezani akaurudisha magotini polepole.

"Nimebahatisha, mdogo wangu," alisema.

Watu walicheka. "Bahati nayo ni akili!" Mzee Enoka alisema, akampiga begani. Luhende aliomba radhi kwa wakubwa, akasema anatoka mara moja kupokea simu. Hakuna aliyesikia simu ikiita.

Felista alimkuta nyuma ya nyumba, amesimama kando ya simtanki la maji, mgongo ameupa mlango.

"Na lile la pweza?" aliuliza bila kugeuka.

"Luhende..."

"Na la asali? Na la sayari?"

"Yote," Felista alisema. "Nilikuwa nakuuliza yale niliyotunga ya kanisani."

Luhende alitikisa kichwa. Barabarani malori yalikuwa yanasogea taratibu kuelekea mpakani.

"Nilikuwa nalala na simu kifuani," alisema. "Wenzangu mnadani nawaambia nyamazeni, mchumba wangu ananiuliza maswali. Wananicheka, sijali. Nilijua tunacheza, Felista. Nilijua ndiyo mapenzi hayo."

"Yalikuwa mapenzi."

"Ilikuwa twisheni."

Felista alimshika mkono. Luhende hakuuondoa, lakini naye hakumshika. "Niliogopa kukukosa," alimwambia. "Baba aliweka ukuta, mimi nikatafuta mlango. Sikujua la kufanya."

"Unajua nilikuwa nasoma?"

"Unasoma nini?"

"Vile vitabu vya maswali na majibu wanavyouza stendi. Kanisani niliposikia yale yale yako, nilidhani mtunga maswali naye ameyatoa humo. Nilivinunua siku ile ile uliponiambia neno la mzee. Makene ananiuliza tukiwa njiani na ng'ombe, nikikosa anarudia. Sikukwambia, nilitaka ushangae. Nilitaka kumshinda Gasper, na kama ni kushindwa, nishindwe mimi mwenyewe. Sasa sitajua. Ulivyonipa yale majibu, sitajua mpaka naingia kaburini."

"Ungeniambia kwamba unasoma, Luhende, nisingefanya hivyo!"

"Ungeniuliza." Sasa aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, na Felista, aliyempenda mtu huyu mpaka akawa mwizi, alitamani ardhi immeze. "Maswali yote yale, hilo hukuwahi kuniuliza. Haya, na mimi nina moja. Kabla hujaanza hayo mambo yako, kuna hata siku moja uliyodhani naweza kushinda?"

Alikuwa na majibu mengi ya kumpa. Kwamba Gasper si mtu wa kawaida. Kwamba moyo unaopenda una woga. Lakini mwanaume huyu alikuwa ameshadanganywa vya kutosha. Felista alijitafuta ndani kwa haki kabisa, siku moja, hata saa moja tu, na hakuiona.

"Hapana," alisema, na machozi yakamtoka.

Luhende aliitikia kwa kichwa. "Baba yako alinipa nafasi. Wewe hukunipa."

Alipangusa uso kwa kiganja, akajirekebisha kola. "Ndani mimi sitasema kitu. Yule ni baba yako, na aibu hii ni yako. Ila posa siiachi hapa kwa ushindi wa namna hii. Nitawaambia tumbo linaniuma, tuondoke."

"Usidanganye tena kwa ajili yangu."

"Nimeshaanza, si umenisikia?"

"Basi mimi namaliza," Felista alisema, akamtangulia kuingia ndani.

Hakukaa. Alipita katikati ya vikombe, akapiga magoti mbele ya baba yake, na sebule nzima ikanyamaza ikidhani ni adabu ya mwari.

"Baba, Pasaka Luhende hakushinda. Mimi nilikuwa nampa maswali jioni kwa simu. Yeye hakujua. Alidhani tunacheza. Gasper hakushindwa na mtu, alishindwa na mimi."

Mama Roda, aliyekuwa analeta chapati, aliishia mlangoni na sahani yake. Shangazi Loisi aliziba mdomo kwa kanga. Gasper aliweka kikombe chini. Alimtazama dada yake kwa mshangao wa mtu aliyepigwa na ndugu, na Felista aliona ni afadhali angemtukana.

Mzee Enoka alimgeukia Luhende aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Ulijua?"

"Sikujua, mzee. Nimejua hapa hapa, Gasper alivyoniuliza."

"Lakini ulijibu kwamba umebahatisha."

Luhende alimtupia Felista jicho.

"Ulimfichia," mzee alisema taratibu, kama anajisemea. Aliketi. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla, na kwa mara ya kwanza Felista aliona kwamba hata baba amejionea aibu. Lakini ukuu wa shule haukumtoka mara moja. "Basi turudie. Maswali nitatunga mimi mwenyewe. Gasper, njoo hapa."

"Hapana, mjomba," Gasper alisema.

"Hapana, mzee," Luhende naye alisema, karibu kwa pamoja, akainamisha kichwa kwa heshima. "Nisamehe sana. Mara ya kwanza nilikubali kwa sababu ya mapenzi. Mara ya pili siwezi."

Mzee Bugalama alijiinua na fimbo yake. "Mwalimu, kwako tumekula vizuri, na ugomvi hatuna. Ila sisi kijana tumemleta aoe. Hatukumleta kwenye mtihani." Alimwangalia Felista pale chini, na jicho lake halikuwa kali. "Umesema kweli, binti. Umechelewa, lakini umesema. Makene, chukua mzigo wetu."

"Awe, mukwai, hapana!" Shangazi Loisi alilalama. "Mnaachaje chai ya moto? Kaeni kwanza tuongee!"

Makene aliinua kile kitambaa cheupe mezani, na Felista akakifuata kwa macho mpaka kikatoka mlangoni.

Aliwakimbilia barabarani, kandambili moja mguuni, nyingine sijui iliangukia wapi. Gari walilokuja nalo lilikuwa limeshawashwa. Alishika dirisha la upande wa Luhende.

"Sikuombi ubaki," alisema akihema. "Sina uso huo. Niambie tu nifanye nini."

Luhende alitazama mbele. "Mama kule nyumbani amewaita majirani. Wamekaa wanasubiri nipige simu niseme posa imepokelewa. Tangu Pasaka kila anayepita, mama anamwambia, mwanangu kamshinda mtu wa chuo. Nitamwambia nini mama yangu, Felista?"

"Nitamwambia mimi."

"Wewe?"

"Nimekosa mimi, nitamwambia mimi. Nipe namba."

Luhende alimgeukia, akamtajia namba, na Felista akaiandika. Simu ikamuuliza jina. Alianza kuandika Mama Luhende, akafuta. Ilimjia kwamba mtu unayekwenda kumvunja moyo unapaswa angalau kumwita kwa jina lake.

"Anaitwa nani?" aliuliza, na swali lilipomtoka tu akajua alichofanya.

Alikuwa anajua shingo ya twiga ina mifupa mingapi. Alijua nchi ndogo kuliko zote duniani. Miaka miwili na mwanaume huyu, jioni baada ya jioni ya maswali, na hakuwahi kumuuliza mama yake anaitwa nani.

"Edina," Luhende alisema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, na hilo ndilo lililomchoma. Kisha Mzee Bugalama akamgusa dereva begani, na gari likajipenyeza kati ya malori, likashika barabara.

Felista alisogea kando, akachuchumaa kwenye nyasi, akapiga. Simu iliita mara moja tu ikapokelewa, na nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake wengi wanacheka.

"Haloo?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni Felista."

"Felista!" Mama alipiga ukelele wa furaha. "Jamani nyamazeni, ndiye yeye! Mwanangu, wewe si huli vitunguu? Luhende kaniambia. Juzi nimejaribu kupika mchuzi bila vitunguu, umekuwa mtamu kweli, ukija utaniambia. Na huo mguu ulioteguka ulipokuwa mdogo, baridi ya Tunduma haikuumizi? Nimekusukia mkeka mzito, ulalie. Halafu giza hulipendi, najua, nimewaambia vijana waweke taa ya sola kule kwenye chumba chenu."

Felista aliziba mdomo kwa mkono ili mama asisikie anavyolia. Huyu mama ambaye hajawahi kumtia machoni alikuwa anamjua mguu wake, chakula chake, woga wake.

"Mbona kimya, mwanangu? Haya niambie, wanangu wamepokelewa?"

"Mama Edina," alisema, na jina lilikuwa geni mdomoni. "Naomba utoke hapo kwa majirani kidogo. Nina neno la kukwambia wewe peke yako. Ni baya, na nimelifanya mimi. Ukishalisikia, ukitaka kukata simu, una haki."

Vicheko vilisogea mbali, mlango ukafungwa, kukawa kimya kabisa kule Mbangala.

"Sema, mwanangu," mama alisema. "Sikati."